Mwongozo kwa Anayedhani Farasi Ndiye Mgumu

Umelipia somo la dresaji, umevaa kofia ngumu, buti zinang'aa, na hata hujamaliza mzunguko wa tatu umekwisha kumshtaki farasi kwa mwalimu. Shingo haipindi, mgongo ameukaza, mdomo ameufanya jiwe. Mwongozo huu ni wako, na agizo lake la kwanza ni hili: kabla hujamtaja farasi tena, jikague wewe. Nyani haoni kundule, na mpanda farasi haoni mgongo wake. Farasi huhisi inzi akimtua ubavuni na huitikisa ngozi pale pale alipotua. Mwili mzima wa mtu unaomdundia mgongoni kila hatua atakosaje kuuhisi?

Tuanze na makalio, maana ndiko somo liliko. Kaa kwenye kiti cha mbao, pitisha viganja chini ya makalio, utagusa ncha mbili za mfupa. Hizo ndizo zinazozungumza na mgongo wa farasi, na zinapaswa kubeba uzito sawa. Ukiegemea ya kulia, farasi atasogea kulia ili abaki chini ya mzigo wake, nawe utavuta hatamu ya kushoto na kusema hasikii. Amesikia vizuri sana. Ametii makalio.

Sasa mstari. Sikio, bega, nyonga na kisigino vipangane wima. Shauri hili ni la kale: zaidi ya miaka 2,300 iliyopita Mgiriki Xenophon aliandika kwamba mpandaji asikae kama yuko kitini, akae kama aliyesimama wima na kutanua miguu. Jiulize swali hili katikati ya somo: farasi akitoweka sasa hivi, nitatua kwa miguu, kwa mgongo au kwa pua? Ukijibu mgongo, miguu yako imetangulia mbele. Ukijibu pua, umeinama ukiangalia masikio ya farasi, ambayo nakuhakikishia hayaendi popote. Inua macho.

Ila usiupate mstari huo kwa nguvu. Hapa ndipo wanafunzi wenye bidii wanapoharibikiwa, na inaniuma kwa sababu bidii yao ni ya kweli. Mwalimu akisema "kisigino chini", wanakisukuma mpaka kifundo kinakufa ganzi. Kifundo kikifungwa, goti hubana tandiko. Goti likibana, nyonga hukwama, na makalio huinuka kutoka pale yalipotakiwa kukaa. Kwenye troti miguu ya farasi hutua miwilimiwili, wa mbele wa kulia pamoja na wa nyuma wa kushoto, kisha jozi ya pili, na kati ya jozi na jozi mwili wake hujirusha juu. Mshindo huo lazima upokelewe mahali. Nyonga zilizo wazi huupokea na kuumeza. Nyonga zilizofungwa huupandisha kiunoni, kiuno huupeleka mabegani, kichwa huanza kuitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo, mikono hurukaruka, na lijamu hugonga mdomo wa farasi. Naye hukaza mgongo kujikinga. Mgongo uliokazwa ni mgumu zaidi kuukalia, basi mpandaji hubana zaidi. Wote wawili wanaumia, na anayeitwa mkaidi ni mmoja.

Dawa ni kunyang'anywa vitu. Katika Shule ya Kihispania ya Upandaji Farasi mjini Vienna, ambako wapandaji huingia kwenye ukumbi uliokamilika mwaka 1735 na kuivulia kofia picha ya Kaisari Karl VI, mwanafunzi hukaa muda mrefu kwenye kamba: mwalimu anashika kamba ndefu katikati, farasi anamzunguka, na mwanafunzi hana vikuku wala hatamu. Ana makalio tu na pumzi yake. Mwombe mwalimu wako robo saa ya namna hiyo kila somo, juu ya farasi mtulivu aliyezoea kamba.

Toa miguu kwenye vikuku, vipishanishe mbele ya tandiko. Anza na mwendo wa kawaida, wenye mapigo manne. Tumbo la farasi litayumba kushoto na kulia kati ya miguu yako. Acha nyonga zishuke pamoja nalo, moja baada ya nyingine, na useme kwa sauti "kushoto, kulia" mpaka mwalimu akubali kwamba umepatia. Inua magoti yote mawili yaachane na tandiko kwa hatua mbili tatu, kisha yaache yaning'inie yenyewe. Utaona jinsi paja linavyorefuka. Zungusha bega moja, halafu la pili. Ndipo uombe troti, hatua chache tu, na uiombe ikome kabla hujaanza kujikaza. Hatua nane ulizokaa vizuri zinaufundisha mwili kuliko mizunguko kumi ya mateso.

Na uimbe. Asiyepumua hukakamaa, na anayeimba hana budi kupumua. Taarabu, kwaya, chochote. Farasi hachagui.

Mikono nimeiacha mwisho makusudi. Katika ngazi ya mafunzo ya Wajerumani yenye hatua sita, takti, yaani mapigo sawa ya mwendo, hutangulia, ulaini wa mwili hufuata, na mguso wa hatamu huja wa tatu. Kwa hiyo usishike hatamu kama bomba la daladala: upande wa pili wa ngozi hiyo uko juu ya ulimi wa kiumbe hai. Ukihitaji cha kushikilia, shika mkanda mdogo ulio mbele ya tandiko, tena bila aibu.

Anayedhani kubana ndiko kunakomwendesha farasi amtazame Lis Hartel wa Denmark. Polio ilimpata mwaka 1944 na kumwacha amepooza chini ya magoti. Mwaka 1952 kule Helsinki, wanawake waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kushindana na wanaume katika dresaji ya Olimpiki, alisaidiwa kupanda juu ya farasi wake Jubilee, na akashuka na medali ya fedha. Akapata nyingine mwaka 1956. Ndama za miguu hakuwa nazo za kubania. Alikuwa na uzito uliotulia na mgongo uliojua kusema.

Farasi atakujulisha ukifanikiwa. Atanyoosha shingo mbele na chini, atatafuna lijamu taratibu, atapuliza pua. Akifanya hivyo usiombe mzunguko mwingine. Mpe hatamu ndefu, mpapase, shuka. Kesho ukiumwa na mapaja ya ndani, umefanya kazi. Ukiumwa na kiuno, mwambie mwalimu kabla ya kupanda, maana nyonga bado zimefungwa, na mrudi kwenye kamba.