Ndoo Isiyo na Hatia

Mwenye duka la jumla alinitumia orodha ya bidhaa zake kwa XML, mistari elfu tisini na ushee, kila bidhaa na mstari wake. Kazi yangu ilikuwa ndogo: programu ya Python ipitie, ikikuta bidhaa haina bei isimame na kutaja mstari. Nikaiendesha, nikaenda kukoroga chai. Narudi, nakuta: "Bei haipo, mstari 65535."

Nikaufungua mstari huo. Ndoo ya plastiki, lita 20, shilingi 8,500. Bei hiyo hapo, inanitazama. Nikaisoma kwa sauti, maana ukikosana na kompyuta lazima mmoja wenu apaze sauti. Nikafuta bei, nikaiandika upya. Mstari 65535. Basi ndoo hii ina jini, nikaifuta nzima. Sufuria namba 4 ikapanda mahali pake, ikashtakiwa kosa lilelile. Nayo nikaifuta. Likaja chujio la chai.

Hadi saa sita usiku nilikuwa nimefuta vyombo vya kumtosha bibi harusi, na faili nimeshalipandisha kwenye mfumo wa duka. Asubuhi mtunza stoo akapiga simu: "Kaka, mfumo unasema ndoo za lita 20 hatuna. Mbona mimi nimekalia moja hapa?"

Ndipo nikasoma maelezo ambayo ningepaswa kuyasoma kabla ya chai. Programu yangu ilitumia lxml, maktaba ya Python ya kusoma XML, nayo lxml imekaa juu ya maktaba nyingine, libxml2. Huyu libxml2, katika toleo nililokuwa nalo, alitenga biti 16 tu za namba ya mstari wa kila elementi, na biti 16 zikijaa ni 65,535. Iwe mstari wa 70,000 au wa 90,000, jibu ni hilohilo. Hakuwa mwongo, vidole vya kuhesabia vilimwishia, akabaki ananyoosha cha mwisho.

Nikarudisha faili la awali, nikahamia Expat, programu nyingine ya kusoma XML, nikawa naiuliza mstari kila inapofungua tagi. (Mistari inaihesabu kuanzia 1, safu wima kuanzia 0. Sikutaka kujua kwa nini.) Ikanipeleka moja kwa moja 83,412: sabuni ya mche, bei tupu.

Nikampigia mwenye duka anitajie bei. Akasema sabuni hiyo waliacha kuiuza tangu mwaka jana.