Mafuta Yaliyokuja Likizo

Mgeni haendi mikono mitupu. Basi nilipopata likizo mwezi wa sita, niliingia supamaketi moja kubwa ya Dar es Salaam kumtafutia shangazi zawadi. Nikachagua mafuta ya alizeti, dumu la lita 5 lenye picha ya ua. Kwenye kulipa nikapungukiwa shilingi 200. Keshia wala hakuninunia. Aliitazama mashine tu, mashine ikakataa. Nikarudisha sabuni, foleni nzima ikishuhudia.

Dumu nililipakata kwenye basi kama mtoto mchanga, safari ya karibu kilomita 700. Tulipovuka Manyoni, mtoto akajikojolea. Kifuniko kililegea, suruali ikalowa, na jirani yangu wa kiti akauliza kwa upole kama chipsi zinafuata.

Nikaingia Mwankoko, Singida, nanukia kikaango.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba."

Akalipokea dumu kwa mikono miwili, akavaa miwani, akasoma lebo silabi kwa silabi: "Ime-ka-mu-li-wa Si-ngi-da." Akanitazama. Kisha akatazama ukumbini, magunia yake ya alizeti yalikokuwa yanangoja zamu ya kukamuliwa.

"Kumbe mafuta nayo hupewa likizo, baba?"

Kesho yake akanituma kwa jirani mwenye mashine. Mzee yule alinipimia mafuta, akaongeza kidogo "ya mgeni", akanifungia na mashudu ya kuku. Nikatoa noti ya 10,000. Chenji hana. Nikaanza kutafuta cha kurudisha.

"Nenda tu, utaleta kesho," akasema, akaandika kwenye daftari lililolowa mafuta kuliko suruali yangu.

Njiani nikawakumbuka wakubwa wa supamaketi tuliowapangia foleni mjini. Shoprite iliiuzia Nakumatt maduka yake ya Tanzania mwaka 2014. Mwaka uliofuata Uchumi ikafunga yake. Baadaye Nakumatt nayo ikafunga. Kompyuta zao zilijua bei ya kila kitu. Daftari la mzee linajua nani kauguliwa, nani bado hajavuna, na nani asidaiwe wiki hii. Umeme ukikatika, halizimi.

Zawadi yangu, hata hivyo, haikupotea. Shangazi analisifia sana lile dumu: lina mkono mzuri wa kushikia, na ndilo analoendea kupimiwa mafuta kwa jirani.