Heri Mji Usiofumba Macho

Wapo wanaolalamika kwamba Garissa watu hawalali. Hao hawajui neema. Kukosa usingizi ndiyo huduma pekee mjini isiyokatika saa nane za usiku, na hailetewi bili mwisho wa mwezi.

Huletwa na pikapu. Miraa hukatwa Igembe, kule Meru, ikafungwa kwa majani ya mgomba, na dereva akakanyaga mafuta kama aliyebeba mgonjwa mahututi. Ana haki. Kathinoni, kile kiini kinachomfumbua mlaji macho, huanza kufifia jani likishakatwa tu; zikipita siku mbili hivi umebaki unatafuna kuni. Waingereza waliipiga marufuku miraa mwaka 2014. Tangu hapo wanalala, maskini, na hatujasikia wamefaidi nini.

Baada ya Alasiri wazee hujaa mafrishi, yale mabaraza ya kutafunia, miraa kulia, chupa ya chai kushoto. Kikombe cha saa kumi na mbili jioni, karibu nusu ya kafeini yake bado inazunguka mwilini saa tano usiku, kwa hiyo miraa ikichoka chai hushika zamu. Handas, ule mchangamko wa miraa, ikipanda, tatizo la maji la kaunti hutatuliwa kabla ya saa nne, koo zilizogombana hupatanishwa, na hoteli ya ghorofa sita husimamishwa kando ya daraja la Tana, rangi tayari imepakwa. Alfajiri hoteli huporomoka bila kuua mtu. Ada ya shule iliyotumika kwa ujenzi huo ndiyo hairudi, lakini hayo ni mambo ya kina mama.

Nyumbani joto linakungoja. Mwili hutaka kupoa kidogo ndipo ulale. Mabati yaliyochomwa mchana kutwa kwa nyuzi 35 hayana mpango huo. Basi unajilaza ukimsikiliza jirani. Anakoroma, anakata pumzi, kimya, kisha anashtuka akitweta. Daktari atakwambia huo ni ugonjwa, unaelemea moyo na una tiba. Jirani mwenyewe hana habari. Asubuhi hujiona amelala vizuri, ila anasinzia kwenye usukani. Bila sisi tunaokesha, nani angemhesabia pumzi?

Daktari huyohuyo hushauri miraa na chai viachwe mapema, simu ikae mbali na kitanda, chumba kiwe giza, na usipopata usingizi kwa dakika kama 20 uondoke kitandani mpaka ukushike. Tena uamke saa ileile kila siku. Hili la mwisho tumelitimiza: adhana ya Alfajiri haijachelewa hata siku moja, na sisi huwa tumeamka tangu jana. Tunalala baada ya swala, hadi saa tano. Mwananchi aliyefika ofisini saa mbili asubuhi akamkuta askari wa lango peke yake hanung'uniki. Usiku alikuwa mkeka mmoja na karani wa ofisi hiyo, na mwenyewe ndiye aliyemmiminia chai.