Atalipa Ijumaa

Mteja wangu hasemi kamwe kwamba ana tatizo. Husema, "Kijana, nina kafaili kangu ka Excel hapa, nataka ukaingize kwenye programu. Kazi ya jioni moja tu." Unachomeka flashi, faili linagoma kufunguka, feni ya kompyuta inaanza kulia, naye anakuangalia wewe.

Nilijifunza uprogramu mwenyewe, kwa video za YouTube na vifurushi vya usiku, kwa hiyo sina cheti cha kunipa jeuri. Mwenye digrii akisema kazi itachukua miezi miwili, wanaitikia kwa kichwa. Nikisema mimi, wanauliza kama shida yangu ni nauli.

Safari hii ni duka la jumla la vifaa vya ujenzi, Kariakoo. Saruji, nondo, mabati. Mafaili yanaitwa "Mauzo mwisho", "Mauzo mwisho kabisa", "Mauzo mwisho kabisa HILI" na "Mauzo usifute". Lenye hesabu sahihi ni la kwanza, ila kuanzia Machi hamia la nne. Niliambiwa hivyo bila mtu kucheka.

Kanzidata inataka kitu kimoja tu: kila jambo likae mahali pake, na kila mtu aandikwe mara moja. Edgar Codd wa IBM alieleza tangu mwaka 1970 namna ya kupanga taarifa katika majedwali yanayohusiana. Bahati yake hakukutana na Mama Asha. Humu ndani yupo Mama Asha, yupo M. Asha, Bi Asha, Mama Asha Tandika na "yule mama wa mabati". Nikauliza, hawa ni mtu mmoja? Mhasibu akafikiri kidogo. "Wanne ni mmoja. Wa Tandika ni mwingine, na huyo usimkopeshe."

Kolamu ya kiasi ndiyo iliyonizeesha. Nimekuta "450,000", nimekuta "laki nne na nusu", nimekuta "450 bado kidogo", na mara nyingi kuliko zote, "atalipa Ijumaa". Ijumaa ipi? Excel imepokea yote bila kuuliza, na ukarimu huo ndio unaoniudhi. Halafu kuna rangi. Mistari ya njano ni wenye madeni, isipokuwa ile ya njano iliyokolea, ambayo ni ndugu wa bosi. Ya kijani alipaka kijana aliyeacha kazi. Sasa yuko Mwanza na simu hapokei. Kanzidata haijui njano. Nimelazimika kutengeneza kolamu inayoitwa "ndugu wa bosi", tena iko hai, inafanya kazi kuliko zote.

Pale Excel inapochoka kuwa mpole, inarekebisha ambacho hakijaharibika. Namba ya simu ikianza na sifuri, sifuri inakatwa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, lakini Excel ikiiona ni namba inatunza tarakimu 15 tu. Tano za mwisho inazigeuza sifuri, na hazirudi hata ukipiga magoti. Wala msiniambie haya ni ya Kariakoo. Mwaka 2020, Uingereza, karibu watu 16,000 waliokutwa na Uviko-19 waliachwa nje ya hesabu kwa muda, kwa sababu faili la Excel la mtindo wa zamani halibebi zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi ilidondoka kimya kimya. Nilimsimulia bosi ili aogope. Akafurahi. "Kumbe hata Wazungu!" Tangu siku hiyo hana haraka tena.

Mfumo mpya nimeukamilisha hivyo hivyo. Nikaweka sharti moja: huwezi kuandika deni bila tarehe ya kulipwa. Duka zima likanuna. Bosi akaniita pembeni, akaniambia mali kauli ni kuaminiana, "sasa wewe unampa mteja tarehe, umekuwa hakimu?" Sikulegeza. Mhasibu hakubishana nami hata kidogo, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka, maana alishagundua kwamba programu inakubali 31 Desemba 2099. Kila anayedaiwa sasa atalipa siku hiyo, Mama Asha wote wawili na ukoo mzima wa bosi. Kisha akaniomba kitufe kidogo cha kurudisha orodha kwenye Excel, apate kupaka rangi.

Malipo yangu ya mwisho nayo yameingizwa, tena vizuri sana: jina langu mara moja, kiasi ni namba tupu isiyo na maelezo. Tarehe ya kulipwa, 31 Desemba 2099. Nimeangalia kalenda. Itakuwa Alhamisi.