Madhara ya Kumsoma Abunuwasi Ukubwani

Miongoni mwa ajali ndogondogo zinazompata mtu mzima wa Afrika Mashariki, zile zisizohitaji bima wala hospitali, ipo moja inayoweza kuitwa marejeo, yaani tendo la kukitafuta tena kitabu au kipindi cha televisheni kilichopendwa utotoni kwa matumaini kwamba kitapendeka vilevile. Anayeathirika zaidi ni mzazi wa umri wa makamo mwenye kifurushi cha intaneti na watoto wasioweza kukataa wito. Dalili ya kwanza ni pale anapowaahidi watoto hao kwamba watavunjika mbavu. Ya pili ni ukimya wao, unaokatizwa na kicheko kidogo cha adabu, kile anachochekewa mgeni. Dalili mbaya zaidi huja baadaye, mzazi anapotambua kwamba hata yeye hacheki, na kwamba ameanza kumhurumia yule aliyetungwa ili achekwe.

Hekaya za Abunuwasi zinalidhihirisha jambo hili vizuri. Jina hilo lilitokana na Abu Nuwas, mshairi halisi wa Baghdad aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9, ambaye katika fasihi ya Kiarabu anasifika hasa kwa mashairi ya mvinyo. Lakini jina lilipofika pwani ya Waswahili, mshairi alinyang'anywa kikombe akapewa ujanja, akawa ayari, yaani mhusika anayewashinda wenye mali na wenye mamlaka kwa maneno matupu. Katika kisa maarufu cha sufuria, ambacho Waturuki hukisimulia kumhusu Nasreddin Hoja, Abunuwasi anaazima sufuria ya jirani, anairudisha pamoja na kisufuria kidogo akieleza kwamba imezaa, kisha anaiazima tena na safari hii anarudi mikono mitupu na habari ya msiba. Jirani anashtaki na kushindwa, kwa hoja kwamba aliyekubali sufuria kuzaa hana budi kukubali kwamba imekufa.

Mtoto hulicheka jambo hili mpaka machozi yakamtoka, kwa sababu mtoto hana sufuria. Mtu mzima anayo, na alimwazima jirani kwa ajili ya pilau ya arusi, na tangu mwaka juzi haijaonekana, ingawa jina la mwenyewe limeandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu ya mafuta, kwa herufi anazoweza kuzisoma hata aliyesahau miwani. Akifika kwenye hukumu huisoma mara mbili, kisha huuliza, kwa sauti iliyopanda kidogo, kama kuna yeyote aliyeonyeshwa kaburi. Ni kweli kwamba jirani wa hekaya alikuwa na tamaa, kwani alikipokea kisufuria bila hata kuuliza baba yake ni nani. Hata hivyo hukumu yenyewe ni mbovu, na inashangaza kwamba vizazi kadhaa vya wanafunzi vimeisoma bila mmoja wao kukata rufaa.

Hali huwa mbaya zaidi katika kisa cha nyumba ya ghorofa, ambamo Abunuwasi anamuuzia bahili sehemu ya juu, na bahili anapokataa kuinunua ya chini, anawaita mafundi waje kuibomoa sehemu yake mwenyewe, hivyo mwenye juu analazimika kuinunua ya chini ili asije akashuka nayo. Mtu mzima anayelipia mkopo wa nyumba hawezi kufika mwisho wa kisa hiki akiwa ametulia. Tanzania ilitunga mwaka 2008 sheria inayomwezesha mtu kumiliki sehemu ya jengo bila kumiliki jengo zima, lakini ilikuja ikiwa imechelewa mno kumsaidia bahili.

Kwa upande wa televisheni, marejeo yana matatizo yake ya pekee. Kenya ilianza kurusha matangazo mwaka 1962 na Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilisubiri hadi miaka ya 1990, kwa hiyo watu wengi wa Bara wanaodai kukumbuka televisheni ya nyumbani wanakumbuka, kwa usahihi zaidi, televisheni ya jirani au kibanda umiza, yaani chumba cha kuonyeshea video kwa kiingilio, chenye mabao ya kukalia yaliyostahili jina hilo. Kenya nayo ilikuwa na seti nyingi zisizo na rangi zilizoendeshwa kwa betri ya gari, na mtoto mmoja alisimama nje akizungusha eriali huku wenzake wakimpigia kelele aiache hapohapo, naye ndiye aliyekisikia kipindi chote bila kukiona. Wapo watu wazima waliogundua ukubwani tu kwamba Tom, yule paka wa katuni, ana rangi ya kijivu.

Si rangi peke yake wanayoigundua. Katika filamu ya kwanza ya mwaka 1940, ambamo paka huyo aliitwa Jasper, mtumishi wa nyumba anamwonya kwamba akivunja kitu kimoja zaidi atafukuzwa, na panya, akilijua hilo, anageukia vyombo. Mtoto huona mchezo wa kukimbizana. Mwajiriwa aliyewahi kupewa barua ya onyo huona mfanyakazi anayehujumiwa kazini.

Hata Vioja Mahakamani, kipindi cha vichekesho kilichorushwa miaka mingi na shirika la utangazaji la Kenya, hakisalimiki. Mtoto aliwacheka washtakiwa kama Makokha na Ondiek Nyuka Kwota kwa utetezi wao usioingia akilini. Mtu mzima mwenye kesi ya mpaka wa shamba, ambayo imeahirishwa leo kwa sababu hakimu yuko semina na kesho kwa sababu faili halionekani, huuona utetezi huo kuwa wa kawaida kabisa, hata wenye busara. Kinachomshinda kusadiki ni kwamba kesi imeanza, mashahidi wote wamefika, na hukumu imetolewa, yote ndani ya nusu saa.