Imekwisha, Jaribu Msimu Ujao

Hapa Nakuru, ukiwa na pesa utapata karibu kila kitu: gunia la viazi vya Mau Narok, koti la mtumba ambalo mwenyewe wa kwanza hakulichosha, hata ploti yenye wenyewe watatu. Kitu ambacho pesa peke yake haikupatii ni chupa ya mvinyo kutoka shamba moja dogo la mizabibu upande wa Naivasha. Ili uuziwe, sharti jina lako liwe kwenye daftari la mwenye shamba. Na ili jina lako liingie, sharti aliyemo afe, ahame, au aokoke.

Mimi niliingia kwa njia ya wokovu. Jirani yangu wa Section 58, mnywaji wa staha asiyemwaga hata tone, alikwenda kwenye mkutano wa injili pale Afraha akarudi kiumbe kipya. Kesho yake alinirithisha nafasi yake kwa sharti moja, kwamba mkewe asijue aliwahi kuwa nayo.

Msidhani uhaba huu ni madaha ya mwenye shamba. Mzabibu ni mmea wa nchi za baridi. Kule Ufaransa majira ya baridi yakiingia hupukutisha majani ukalala, joto likirudi ukaamka, shamba zima kwa pamoja. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Usiku utatafuta sweta, lakini baridi ya kumlaza mzabibu haipo, kwa hiyo mmea haujui kama mwaka umeisha. Ukiuacha ujiendee, shina moja litakuwa na maua, zabibu mbichi na zabibu mbivu kwa wakati mmoja. Inabidi mkulima aupitie na mkasi, aupogoe, aulazimishe kwenda likizo. Wenzetu wa Dodoma wamegeuza tabu hiyo kuwa faida, wanavuna mara mbili kwa mwaka. Huku kwetu mvua haziulizi zabibu zimefikia wapi, na ndege, ambao hawamo kwenye daftari lolote, ndio wateja wa kwanza kuhudumiwa.

Ndiyo maana mashamba ya mizabibu ya Bonde la Ufa yanahesabika. Leleshwa, unaotokana na mizabibu ya Morendat kule Naivasha, ndio ulioweza kufika hadi rafu za supamaketi. Ulipewa jina la kichaka cha porini chenye majani ambayo Wamaasai wamekuwa wakiyabana kwapani ili wanukie. Kukipa kinywaji jina hilo kunataka moyo. Na kwenye ukingo wa Bonde, upande wa Ngong, marehemu Richard Leakey naye alipanda mizabibu akatengeneza Pinot Noir, zabibu inayowaliza wakulima hata huko kwao Ufaransa. Lakini huyo ni mtu ambaye kikosi chake, kwa jicho la Kamoya Kimeu, kilipata mwaka 1984 kule Turkana mifupa ya kijana aliyelala ardhini miaka kama milioni moja na nusu. Baada ya hapo, kungoja chupa ilale miaka mitatu ni mchezo.

Wamarekani ndio waliougeuza uhaba kuwa biashara kamili. Kule Napa, California, kuna Screaming Eagle, ambao mavuno yake ya kwanza yalikuwa ya 1992, na watu hungoja miaka ili tu waandikishwe kuuziwa. Mwaka 2000, kwenye mnada wa hisani, chupa moja ya lita 6 ya mavuno hayo ilikwenda kwa dola 500,000. Kwa pesa hizo mtu wa huku hununua shamba, akafuga ng'ombe wa maziwa, na bado akabaki na za kugombea uwakilishi wadi.

Mwenye shamba wetu hajafika huko, ila anajua kutesa. Mvinyo ukishatiwa kwenye chupa hutuma ujumbe kwa simu: chupa tatu kwa kila mtu, na huuziwi nyekundu moja mpaka uchukue nyeupe mbili. Anayetangulia kulipa ndiye anayepata. Ujumbe huo una kipaji cha kukufuma mahali ambapo kutoa simu ni utovu wa adabu.

Wa mwisho ulinikuta kwenye kikao cha mazishi. Mweka hazina alikuwa amesimama, miwani puani, akisoma majina ya walioahidi na hawajatoa, na sauti yake ilikuwa inakaribia herufi yangu. Nikaiteremsha simu chini ya meza, nikaingia M-Pesa, nikaandika kiasi, nikaanza kubonyeza namba ya siri. Mweka hazina akanyamaza. Akashusha miwani.

"Ndugu zangu," akasema, "mnaona mtu mwungwana? Sijamfikia na tayari anatuma."

Watu wakapiga makofi. Mama mmoja wa kanisani akasema Bwana asifiwe. Mwenyekiti akasoma namba ya kamati kwa sauti, tarakimu moja moja, ili nisikosee, na akanisubiri mpaka simu yake ilipolia. Marehemu alipata mchango ambao hata yeye, kwa nilivyomjua, angeutilia shaka. Zilizobaki kwenye simu zilitosha chupa mbili nyeupe. Nilipompigia mwenye shamba kumsihi aniwekee nyekundu hadi jioni, alinijibu kwa upole wa daktari: "Imekwisha, jaribu msimu ujao." Kisha akasita. Kumbe kulikuwa na mteja mwingine ambaye pesa zake zilikataa kuingia, na nyekundu moja imebaki. Nikakopa kwa shemeji papo hapo, nikilia machozi ambayo kikao kizima kilidhani ni ya marehemu.

Sasa mvinyo unatoka Naivasha na mnunuzi yuko Nakuru. Unapakiwa kwenye matatu. Ni mwendo wa saa moja na kitu: Gilgil, harufu ya nyama choma ya Kikopey, Elementaita upande wa kushoto, umefika. Boksi liliandikwa GLASI, SHIKA POLEPOLE kwa kalamu nyekundu pande zote nne. Nilifika steji mapema, nikamwona karani amelala juu ya kitabu cha mizigo.

"Mzigo wako umefika salama," akaniambia akipekua.

"Uko wapi?"

"Eldoret."

Hakuna aliyeweza kunieleza ulivyopita Nakuru bila kushuka. Nilichopata kujua ni kwamba abiria wa ziada alikosa kiti kuanzia Salgaa, na boksi lilikuwa la kimo kizuri. Wataalamu wanasema mvinyo utulie gizani, mahali pasipo na mtikisiko. Wangu ulipanda Timboroa, ambapo stesheni ya reli iko zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, ukashuka, ukalala Eldoret, ukapanda tena Timboroa kesho yake ukiwa umekaliwa. Uliponifikia, ulikuwa umetembea nchi hii kuliko wabunge wengi.

Makanga alinikabidhi saa nne asubuhi. Chupa ziligongana ndani ya boksi, akazisikia. Akanitazama kwa huzuni.

"Mzee, Mututho anajua?"

Kwa wasiokumbuka, John Mututho alikuwa mbunge wa Naivasha, na mswada wake ndio uliozaa sheria ya vileo ya mwaka 2010 ambayo mpaka leo tunaiita kwa jina lake. Baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi, saa nane mchana wikendi, na saa tano usiku kila mtu aende kwake. Naivasha, basi, ndiyo iliyotupa mvinyo, na ndiyo iliyotupa saa ya kuunywa. Nikamwambia makanga nimebeba siki. Ilikuwa kauli ya kujihami tu, lakini inaonekana Mungu aliisikia akaiweka akiba.

Jumapili iliyofuata mjomba wangu alishuka kutoka Bahati. Nikafungua nyeupe ya kwanza, nikamweleza kwamba avute harufu kabla ya kunywa. Akavuta. Akaonja. Uso wake wote ukajikunja kuelekea puani.

"Mpwa wangu, hii imeharibika. Ilitengenezwa lini?"

"Mwaka jana, Mjomba."

"Ndiyo maana."

Akaomba Fanta. Alimimina nusu kwa nusu, akaonja tena, akasema sasa ina mwelekeo. Mama akashauri sukari. Ndani ya dakika chache, mvinyo ambao watu walihangaika kuupogolea mizabibu na kufukuzia ndege ulikuwa umekuwa wa rangi ya machungwa na unatoa mapovu, na wageni wanausifu. Mimi nikajifariji kwamba nyekundu iko salama kabatini, imelazwa ubavu, inakomaa.

Chakula kikaletwa. Nimekula mbuzi sehemu nyingi, lakini mchuzi ule ulikuwa mzito, mweusi, na nyuma ya nyanya na dhania kulikuwa na kitu kirefu kisichoisha mdomoni. Mjomba akaomba kuongezwa, kisha akaomba tena.

"Baba watoto," mke wangu akasema kutoka jikoni, "ile siki yako nyekundu nimeimalizia kwenye mbuzi. Ukienda sokoni, nunua nyingine."

Nikaweka kijiko chini. Nikaanza kueleza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua, habari za daftari, jirani aliyeokoka, kikao cha mazishi, Eldoret. Nikataja bei. Mama akajifunika uso kwa leso. Mjomba, badala ya kunipa pole, akaketi wima.

"Unasema mtu hawezi kuingia dukani akanunua?"

"Hawezi, Mjomba."

"Hata mheshimiwa?"

"Hata yeye."

Akaitazama chupa nyeupe iliyobaki, pacha wa ile aliyoihukumu kuwa mbovu, akaisogeza mbali na Fanta. Kisha akasema anataka sita za ruracio ya binti yake, na niwe nimezipata kabla ya wakwe kufika. Nilipomwambia haiwezekani, macho yake yakazidi kung'aa. Hapo ndipo nilipoelewa ninachouziwa. Kinywaji ni nyongeza tu. Ninachokilipia ni ile "haiwezekani", niwe nayo mkononi ya kuwaambia wengine.

Kwa mjomba jambo hilo si geni hata kidogo. Juma lile lile alinipeleka kwa mzee mmoja wa Bahati anayepika muratina: asali, maji, na tunda la mwegea lililokaushwa, vikiwekwa penye joto mpaka vichachuke. Muratina ya kweli haina duka. Mzee huyo hana daftari wala simu ya maana, orodha yote iko kichwani. Aliniuliza mimi ni mtoto wa nani, baba yangu ni wa ukoo gani, nimeoa wapi, na kama watoto wangu wanajua kusalimia wazee. Nikajibu yote vizuri. Akatafakari, akatema mate pembeni, akasema hakuna, nirudi baada ya mvua, na hata hapo hatoi ahadi.

Tulipofika barabarani mjomba alikuwa anatembea kifua mbele.

"Umeona?" akaniambia. "Ya kwetu ni ngumu zaidi."