Namna ya Kutoa Jarida la Shule Linaloibwa

Kipimo cha jarida la shule ni kuibwa. Likikaa wiki tatu juu ya meza ya maktaba na bado lipo, safi kama lilivyotoka kuchapwa, ujue hakuna aliyelisoma. Lakini likitoweka mezani kwa mwalimu wa zamu, likaja kukutwa chini ya godoro bwenini, jalada limeng'oka na jina la mwenyewe limefutwa kwa mate, hapo shule ina jarida. Mwongozo huu unahusu hilo la pili.

Ita kikao cha wahariri. Watakuja wengi, na kila mmoja atataka kuwa mhariri mkuu. Gawa vyeo bila uchoyo, kisha uwaulize wote swali moja: ni jambo gani la hapa shuleni unalolijua ambalo halijatangazwa mstarini? Watatu watakaojibu ndio chumba chako cha habari. Waliobaki waingie kwenye usambazaji, na huko nako wanahitajika sana.

Sasa ondoa uzito. Majarida yetu mengi yanafungua na Neno la Mkuu wa Shule na picha yake, linafuata Neno la Makamu na picha yake, halafu Neno la Mwenyekiti wa Bodi, ambaye picha yake imekuja na tai ileile ya mwaka juzi. Msomaji anafika ukurasa wa sita ameshashukuriwa mara tano na hajaambiwa lolote. Mkuu wa shule mpe nusu ukurasa, tena umwombe ajibu swali: maji yatarudi lini bwenini? Akijibu, wewe umepata habari na yeye amepata wasomaji. Mshairi naye mzuie kuandika kwamba elimu ni ufunguo wa maisha. Mwagize atunge juu ya kengele ya saa kumi na moja alfajiri, vina na mizani vikae sawasawa, uone kama shule nzima haitalighani shairi hilo kwenye foleni ya uji.

Kazi yenyewe iko kwenye kutafuta habari. Chukua maharage. Kila mtu anajua muhula huu maharage yamekuwa mchuzi mtupu. Ukiandika hivyo tu umeandika malalamiko, na malalamiko tayari yapo bure bwaloni. Nenda jikoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umefuata ukoko?"

"Hapana mama, nina swali. Gunia moja la maharage mnalipika siku ngapi?"

Atakuangalia, ataweka mwiko chini, na atakujibu, kwa sababu pengine hakuna aliyewahi kumuuliza juu ya kazi yake. Muulize na la muhula uliopita lilikwenda siku ngapi. Toka hapo uende kwa mtunza stoo, umuulize magunia mangapi yameingia. Jumamosi ukipata ruhusa ya kutoka, uliza bei ya kilo sokoni. Ukikaa chini na tarakimu hizo, utajua kama bei imepanda, wanafunzi wameongezeka, au hesabu inagoma. Ikigoma, usikimbilie kuchapa. Mpelekee mhasibu tarakimu zako, umwambie unataka maelezo yake, na chochote atakachosema kiandike kama alivyokisema. Anayetajwa kwa ubaya lazima asikilizwe kabla ya kuchapwa. Sijui kanuni nyingine ya uandishi inayoizidi hiyo.

Kanuni hiyo ina historia. Mwaka 1983, katika jimbo la Missouri nchini Marekani, mkuu wa shule ya Hazelwood East aliondoa kurasa mbili za Spectrum, gazeti la wanafunzi, zilizokuwa na habari za wasichana waliopata mimba na za wazazi waliotalikiana. Wanafunzi wakaenda mahakamani. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaipa shule ushindi kwa kura 5 dhidi ya 3. Miongoni mwa hoja za yule mkuu ni kwamba wasichana wangeweza kutambulika ingawa majina yalibadilishwa, na kwamba mzazi aliyelaumiwa hakupewa nafasi ya kujibu. Mimi naona kurasa zile hazikustahili kukatwa. Hata hivyo usimpe mkataji kisingizio: mfiche mwenzako mwenye shida mpaka hata jirani wa kitanda asimjue. Na nani anatembea na nani ni umbeya, uache.

Majina yahakiki kwa mwenyewe. Rehema na Rahma ni watu wawili, na mama zao wote watakuja kwenye mahafali.

Kuhusu uchapaji, jambo kubwa ni kukunja. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati inatoa kurasa nne, hivyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Kwa jarida la kurasa 16, karatasi ya nje inabeba ukurasa wa 16 na wa 1 upande mmoja, wa 2 na wa 15 upande wa pili. Tengeneza kwanza mfano kwa karatasi za daftari, uandike namba kwa kalamu, ndipo uende kwenye mashine ya fotokopi. Wanaoruka hatua hii hutoa majarida ambamo goli linafungwa kabla mechi haijaanza.

Asije mtu akakuambia hii ni michezo ya watoto. Msimulizi, miongoni mwa magazeti ya kwanza kabisa ya Kiswahili, lilianza kutoka mwaka 1888 katika chuo cha wamisionari wa UMCA kule Kiungani, Unguja. Wanafunzi wa Chuo Kikuu pale Mlimani, Dar es Salaam, walitoa jarida la Cheche mwaka 1969, na mwaka uliofuata likapigwa marufuku. Mambo ya kitoto hayapigwi marufuku.

Nanyi wakuu wa shule: rimu moja ya A4 ina karatasi 500, yaani nakala 125 za jarida la kurasa 16. Toeni hiyo rimu, wapeni watoto funguo za chumba cha kompyuta jioni, na mkiona ukurasa wa kukata, waiteni wahariri muwaeleze sababu ana kwa ana.